Farasi wa Mbio Avukapo Mpaka

Kila mwaka, kuanzia Septemba, farasi kadhaa wa mbio hupakiwa ndegeni huko Ulaya na Japani na kusafirishwa hadi Melbourne, Australia, kushindania Melbourne Cup. Mbio hizo zilianza mwaka 1861. Hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba katika uwanja wa Flemington, kwa umbali wa mita 3,200, na mshindi hujulikana kabla dakika nne hazijatimia. Kwa ajili ya dakika hizo, farasi aliyetoka Ireland au Ufaransa huwa ametengwa na wenzake kwa karibu mwezi mzima, ametolewa damu mara kadhaa, amepimwa joto la mwili asubuhi na jioni, na mifupa ya miguu yake imepigwa picha nyingi kuliko za wagonjwa wengi wa hospitali.

Kanuni zinazomfuata safarini zina makusudi matatu. Kusudi la kwanza ni kuwakinga farasi wa nchi mwenyeji dhidi ya maradhi ya kigeni, la pili ni kulinda haki ya mashindano pamoja na fedha za watu wanaocheza kamari, na la tatu ni kumlinda farasi mwenyewe asife uwanjani. Ndivyo pia zilivyofuatana kuzaliwa: zile za kumlinda farasi ni changa kuliko zote, na bado zinagombaniwa. Karibu kila kifungu kiliandikwa baada ya msiba, na anayeijua misiba hiyo huzielewa kanuni upesi kuliko anayezikariri.

Juu kabisa lipo shirika la kiserikali: Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoundwa Paris mwaka 1924, ambalo hutunza orodha ya maradhi na kueleza jinsi nchi moja inavyoweza kupokea mnyama wa nchi nyingine bila kujihatarisha. Wizara za kilimo na mifugo za kila nchi hutunga masharti yao kutokana na mwongozo huo, na nyingi huongeza ukali. Pembeni lipo Shirikisho la Kimataifa la Mamlaka za Mbio za Farasi, linaloshughulika zaidi na dawa, usajili na adabu za mchezo. Mwisho kabisa ni mamlaka ya uwanja wenyewe, ambayo inaweza kumkataa farasi aliyekwisha kukubaliwa na serikali.

Swali la kwanza la daktari wa mifugo mpakani huwa ni la utambulisho. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred wengi ni wa rangi ya kahawia, wanafanana, na thamani ya mmoja inaweza kuwa mara mia ya mwenzake aliyesimama naye banda moja. Kwa hiyo kila mmoja ana pasipoti. Ndani yake umo mchoro wa mwili unaoonyesha mabaka meupe ya usoni na miguuni, pamoja na mahali nywele zinapojizungusha, kwa kuwa mizunguko hiyo haibadiliki tangu kuzaliwa hadi kufa. Shingoni, upande wa kushoto, hupachikwa chipu ndogo yenye namba ya tarakimu 15, na damu au nywele zake huwa zimepimwa vinasaba kuthibitisha wazazi.

Pasipoti hiyo ndiyo pia cheti cha chanjo, na hapo wengi hukwama. Chanjo ya mafua ya farasi ina ratiba isiyo na huruma. Nchini Uingereza, kwa mfano, dozi ya pili hutolewa kati ya siku ya 21 na ya 60 baada ya ile ya kwanza, ya tatu kati ya siku ya 120 na ya 180 baada ya ile ya pili, kisha ya kukumbushia haipaswi kupita miezi sita. Ikicheleweshwa hata siku moja, farasi huzuiwa mlangoni ingawa ni mzima wa afya, na huenda akaanza upya mfululizo wote. Ukali huo una sababu. Virusi vya mafua ya farasi husafiri hewani na dalili hujitokeza kati ya siku moja na tatu tu baada ya maambukizi, kwa hiyo banda zima huweza kuugua kabla mtu hajashtuka. Mwezi Februari 2019, farasi wachache waliokwisha kuchanjwa waliugua mafua hayo huko Uingereza, na mbio za nchi nzima zikasimamishwa kwa siku sita.

Baada ya chanjo hufuata vipimo vya damu. Orodha hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila maradhi machache hayakosekani. Upo ugonjwa wa upungufu wa damu wa kuambukiza, unaoenezwa na nzi wanaouma. Farasi aliyeupata hubaki na virusi maisha yake yote, na nchi nyingi humwua au kumtenga asikaribiane tena na wenzake. Ipo glanda, ugonjwa wa bakteria uliowahi kumaliza farasi wa majeshi na ambao humwambukiza binadamu pia. Ipo durini, na upo ugonjwa wa surra unaoonekana sana kwa ngamia. Hayo mawili huletwa na vimelea vya jamaa moja na vile vya nagana, ambavyo mfugaji yeyote wa nchi za mbung'o anavijua.

Piroplasmosi inastahili maneno zaidi, kwa sababu humnyima safari farasi asiyeonekana kuwa na kasoro. Vimelea vyake huletwa na kupe. Farasi wengi wa Afrika, nchi za Ghuba na kusini mwa Ulaya wamewahi kukutana navyo, wakapona, na wakabaki navyo kwa siri katika damu. Marekani na Australia, ambazo hazitaki kupe wao wavipate, humpima kila farasi anayeingia. Ilipofika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Marekani ililazimika kuwalegezea sharti baadhi ya farasi wa mashindano na kuwaweka chini ya ulinzi maalumu, la sivyo nchi kadhaa zingebaki nyumbani. Tukio hilo lilionyesha kwamba mlango uliofungwa kwa sababu za kitabibu unaweza kufunguliwa kukiwa na haja kubwa, mradi pawepo watu wa kusimamia kila hatua.

Ugonjwa unaoamua zaidi nani atasafiri na nani atabaki, hata hivyo, ni ule unaoitwa tauni ya farasi ya Afrika. Virusi vyake, vya aina tisa, hubebwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu machweo hadi mapambazuko. Katika sura yake ya mapafu, farasi asiye na kinga hujaa maji kifuani, povu humtoka puani, na hufa ndani ya muda mfupi. Wanaonusurika hawafiki mmoja kati ya kumi. Punda huugua kidogo. Pundamilia haonyeshi dalili yoyote, na yeye ndiye ghala la virusi hivyo. Palipo na makundi ya pundamilia na joto la kutosha kwa usubi, ugonjwa haukatiki mwaka mzima, na maelezo hayo yanazienea Kenya na Tanzania.

Katika uwanja wa Ngong, Nairobi, ambako mbio za farasi za Kenya zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1954, tauni hiyo ni sehemu ya ratiba ya kawaida. Farasi huchanjwa kila mwaka na huingizwa bandani kabla jua halijazama. Kumleta farasi Nairobi ni rahisi kuliko kumtoa. Wanunuzi wa Ulaya au Asia wanaweza kuvutiwa na farasi wa huko, lakini anahesabiwa kuwa ametoka eneo lenye ugonjwa, na kitabu cha Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kinachukulia kuwa farasi aliyeambukizwa anaweza kuwa hatari kwa wengine kwa siku 40.

Woga wa nchi nyingine hautokani na hadithi. Kati ya mwaka 1854 na 1855 tauni hiyo iliua karibu farasi 70,000 katika koloni la Cape, zaidi ya theluthi moja ya farasi wote waliokuwepo. Kuanzia mwaka 1959 ilivuka Mashariki ya Kati ikafika hadi India, na zaidi ya farasi, punda na nyumbu 300,000 walikufa. Afrika Kusini, yenye farasi wa mbio wa kiwango cha juu, imehangaika na jambo hili kuliko nchi yoyote. Ilitenga eneo la Cape Town kuwa huru na ugonjwa, ikachukua mabanda ya Kenilworth na kuyazungushia nyavu zisizopitisha usubi, na tangu mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ukakubali farasi watokao humo. Mwaka 2011 ugonjwa ukazuka Mamre, si mbali na Cape Town, na mlango ukafungwa. Tangu hapo farasi wa Afrika Kusini aliyetaka kukimbia Dubai au Uingereza alipelekwa kwanza Mauritius, akakaa huko miezi, kisha akapelekwa Ulaya kutengwa tena. Wengine walipoteza msimu mzima njiani. Jambo la kusikitisha ni kwamba uchunguzi wa vinasaba ulionyesha baadaye kuwa milipuko kadhaa ya eneo lile, huo wa Mamre ukiwemo, ilitokana na virusi vya chanjo hai vilivyorudia ukali wake. Njia ya moja kwa moja kwenda Ulaya ilifunguliwa tena mwaka 2024.

Wakati farasi wanakaguliwa ukucha hadi unywele, pundamilia wamekuwa wakipita. Mwaka 1987 Hispania iliingiza pundamilia kutoka Namibia kwa ajili ya bustani ya wanyama, na tauni ikawaua farasi wa nchi hiyo hadi mwaka 1990. Mwaka 2020 ilizuka Thailand, katika wilaya ya Pak Chong, ikaua farasi zaidi ya 500 ndani ya miezi michache, na wataalamu wengi waliwashuku pundamilia walioingizwa kibiashara. Hapo ndipo mataifa kadhaa ya Asia yalipogundua kwamba sheria zao ziliandikwa kwa ajili ya farasi tu.

Farasi aliyepita vipimo vyote huingia karantini ya kuondokea. Anayekwenda Australia hukaa siku zisizopungua 14 katika banda lililoidhinishwa, bila kukaribiana na farasi wasio wa msafara huo. Hufanya mazoezi katika saa zake peke yake. Saisi wake hapaswi kuhudumia farasi wengine.

Siku ya safari huanza kwa lori. Uwanja wa ndege, farasi huingizwa ndani ya sanduku kubwa lenye vyumba viwili au vitatu, kisha sanduku lote hupandishwa kwa mashine hadi tumboni mwa ndege ya mizigo. Madume hutangulizwa mbele ili wasinuse majike. Miguu hufungwa bandeji, na farasi mwenye wasiwasi huwekwa karibu na mwenzake anayemzoea. Rubani huarifiwa kuwa amebeba farasi, naye hupaa na kutua kwa mteremko wa taratibu kuliko kawaida. Kuwapa dawa ya usingizi si desturi, kinyume cha wengi wanavyodhani: farasi aliyelewa dawa hushindwa kujiweka sawa ndege inapoyumba, na dawa yenyewe huenda ikaonekana kwenye kipimo wiki kadhaa baadaye. Farasi husinzia akiwa wima, kwa kuwa maungo ya miguu yake yanaweza kujifunga bila misuli kuchoka. Masaisi husafiri naye humo humo, na katika safari ndefu huwemo daktari. Farasi akipagawa angani kiasi cha kuhatarisha ndege, na dawa za kumtuliza zikashindwa, daktari ana ruhusa ya kumwua. Hutokea kwa nadra, ila kila msafara hubeba dawa hiyo.

Hatari kubwa zaidi haitokani na mtikisiko wa ndege. Farasi aliye malishoni huinamisha kichwa kwa saa nyingi, na uchafu wa njia ya hewa hutiririka kutoka puani kwa uzito wake. Akifungwa kichwa juu, makamasi hutuama, bakteria huzaliana katika koo la hewa, na ndani ya siku mbili tatu huweza kupata nimonia kali inayojulikana kama homa ya safari. Kwa hiyo masaisi hulegeza kamba ili ashushe kichwa kila inapowezekana, nyasi kavu hulowekwa maji ili vumbi lisiruke, na mikojo hufunikwa kwa maranda isitoe hewa kali. Kipindi kibaya kuliko vyote ni pale ndege inaposimama kujaza mafuta: hewa haizunguki vizuri, joto la miili ya wanyama wenye kilo 500 kila mmoja hupanda, na safari ya kutoka Ulaya hadi Melbourne, kuanzia banda hadi banda, inaweza kuzidi saa 30.

Maji ni tatizo jingine. Farasi mzima hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, lakini wengi hugoma kunywa maji yenye harufu wasiyoizoea, na masaisi huyatia maji ya tofaa au molasi kidogo ili kuwashawishi. Anaposhuka huwa amepungua makumi ya kilo, sehemu kubwa ikiwa maji. Nafaka hupunguzwa siku za safari, kwani farasi hawezi kutapika, na tumbo lililojaa chakula kizito huku mwili umekauka huishia kwenye msokoto unaoweza kumwua.

Farasi wanaoshukia Melbourne hupelekwa moja kwa moja Werribee, kilomita zipatazo 30 kusini magharibi mwa mji, kwenye kituo cha karantini kilichojengwa pembeni mwa uwanja wa mbio. Hukaa hapo siku 14 nyingine, na huruhusiwa kufanya mazoezi kwenye njia ambayo farasi wenyeji hawaitumii. Kila anayeingia hubadili nguo na viatu. Kila anayetoka huoga. Vifaa havitoki bila kutakaswa. Hata nyasi za Ulaya haziruhusiwi kuingia nchini, hivyo matumbo ya farasi hulazimika kuzoea nyasi za Australia kidogo kidogo.

Kuoga huko kuna historia yake. Mwezi Agosti 2007, mafua ya farasi yalikuwa yameenea Japani, na farasi walioambukizwa waliingia Australia kupitia karantini ya Eastern Creek, Sydney. Karantini ilikuwepo, kuta zilikuwepo, siku za kutengwa zilihesabiwa. Hata hivyo kabla mwezi haujaisha mafua yalikuwa yamekwisha kutoka nje, yakapelekwa na farasi waliohudhuria shindano moja la wapanda farasi huko Maitland, na kuenea majimbo ya New South Wales na Queensland. Farasi wa Australia hawakuwa na chanjo, kwa kuwa nchi haikuwahi kuwa na ugonjwa huo. Karibu 70,000 waliugua. Mbio za msimu wa Sydney zilivunjwa, usafirishaji wa farasi ukapigwa marufuku, na masaisi, wapiga kwato na wenye hoteli wakakosa kipato. Jimbo la Victoria lilinusurika, na Melbourne Cup ikakimbiwa bila wageni wa Japani, ambao mwaka mmoja kabla walishika nafasi ya kwanza na ya pili kupitia Delta Blues na Pop Rock.

Tume iliyoongozwa na Ian Callinan, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ilichunguza na kuona kwamba virusi yaelekea vilitoka kwenye mwili au nguo za mtu, au kwenye kifaa kilichotumika kwa farasi mgonjwa. Wapiga kwato, madaktari na masaisi walikuwa wakitoka bila kuoga wala kubadili nguo, na hakuna aliyewazuia. Kanuni ziliandikwa vizuri, isipokuwa mlangoni hapakuwa na mtu wa kuzisimamia. Ugonjwa ulizimwa kabla mwaka 2007 haujakwisha kabisa, kwa marufuku ya safari na chanjo iliyochomwa kuzunguka maeneo yaliyoathirika. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kujenga mabafu katika kila karantini ya nchi.

Ndege ndiyo iliyofanya haya yawezekane. Zamani farasi aliyesafiri kwa meli wiki sita angeugua mafua, apone au afe, kabla ya kuiona bandari. Leo anaweza kuambukizwa nyumbani asubuhi, apimwe bila kuonyesha chochote, na aanze kukohoa akiwa bara jingine. Karantini, kwa kweli, ni namna ya kurudisha zile wiki ambazo ndege imezipunguza.

Kanuni za dawa zina mantiki nyingine, na hapa ndipo msafiri asiye mwangalifu huadhirika. Mamlaka za mbio za nchi nyingi zimetia saini kanuni ya msingi kwamba farasi akimbie bila dawa mwilini, hata ile ya kutibu. Kinachotofautiana ni tafsiri. Kwa miongo mingi Marekani iliruhusu farasi wachomwe furosemidi siku ya mbio ili kupunguza kuvuja damu mapafuni, jambo lililokatazwa Ulaya, Dubai na Hong Kong. Farasi wa Marekani aliyekwenda Dubai alilazimika kukimbia bila sindano aliyozoea. Wa Ulaya aliyekwenda Marekani alikuta wapinzani wake wote wamechomwa. Tofauti hiyo imepungua: tangu mwaka 2021 mbio zote za Breeders' Cup za Marekani hukimbiwa bila furosemidi. Australia nayo ina sharti lake kali: farasi akitokwa damu kwenye pua zote mbili hufungiwa miezi mitatu, na ikimtokea mara ya pili hakimbii tena maisha.

Steroidi za kujenga misuli zilikuwa ufa mkubwa zaidi. Ziliwahi kuruhusiwa nje ya siku za mbio katika baadhi ya nchi, huku Uingereza ikizikataza wakati wote. Mwaka 2013 Mahmood Al Zarooni, mkufunzi wa kampuni ya Godolphin huko Newmarket, alikiri kuwapa farasi wake steroidi alizotoka nazo Dubai, akafungiwa miaka minane. Sheria ya Dubai ilibadilishwa mwaka huo huo, na Australia ikazipiga marufuku mwaka uliofuata.

Lakini si kila kipimo kibaya ni udanganyifu. Kafeini, mofini ya mbegu za mpopi au dawa ya kunenepesha ng'ombe inaweza kuingia kwenye chakula kiwandani. Oktoba 2020, mkesha wa mbio za Prix de l'Arc de Triomphe mjini Paris, mkufunzi Aidan O'Brien wa Ireland aliwaondoa farasi wake wote wanne baada ya kugundulika kuwa chakula walichokula kilikuwa na zilpateroli, dawa hiyo ya ng'ombe. Hakuna aliyemlaumu. Kanuni inaangalia kilichomo mwilini, nia ya mtu hujadiliwa baadaye. Ndiyo maana msafara makini huweka sampuli ya kila gunia la chakula, na daktari wake huacha kutibu mapema kuliko muda uliotajwa kwenye chupa, kwa kuwa farasi aliyepungukiwa maji safarini anaweza kuchelewa kuitoa dawa mwilini.

Limebaki suala la mifupa. Kati ya mwaka 2013 na 2020, farasi sita walikufa au kuuawa kutokana na Melbourne Cup, na watano kati yao walikuwa wametoka ng'ambo. Hawakufa kwa sababu moja. Admire Rakti wa Japani alianguka bandani mwaka 2014 kwa moyo kushindwa, muda mfupi baada ya kumaliza wa mwisho. Araldo, aliyekuwa akifundishwa Australia, alishtushwa na bendera siku ile ile, akapiga uzio teke na kuvunjika mguu. Wengine walivunjika wakikimbia. Wa mwisho alikuwa Anthony Van Dyck, mshindi wa Derby ya Epsom ya mwaka 2019, aliyevunjika kifundo cha mguu Novemba 2020 na kuuawa uwanjani.

Mfupa wa farasi wa mbio hujijenga kulingana na uzito unaoubeba. Kila mbio ya kasi hutia nyufa ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwili huziba nyufa hizo farasi anapopumzika. Asipopewa nafasi hiyo, nyufa huungana. Farasi wa safari ndefu huwa katika hali mbaya kwa hesabu hii: amekimbia msimu mzima Ulaya, akasimama siku nyingi ndegeni na karantini, kisha akaanzishwa upya kwa haraka kwenye ardhi ngumu kuliko nyasi laini alizozoea. Huenda asichechemee hata kidogo hadi siku mfupa unapokatika.

Mamlaka ya mbio ya Victoria ilichapisha mwaka 2021 ripoti yenye mapendekezo mengi. Idadi ya farasi wa kigeni wanaopokelewa msimu wa machipuo iliwekewa kikomo cha 24. Aliyewahi kuvunjika mfupa vibaya au kupasuliwa mifupa ili iunganishwe hakubaliwi. Kabla ya kupanda ndege hupigwa picha za mwili na miguu, na akifika Werribee huingizwa kwenye mashine ya CT inayompiga akiwa amesimama, na madaktari wasio wa mwenye farasi ndio wanaosoma picha.

Wenye farasi wengi walinung'unika, baadhi wakaacha kwenda. Mwaka 2024 madaktari walimkataa Jan Brueghel, mshindi wa St Leger ya Uingereza, siku chache kabla ya mbio, baada ya kuona jambo lililowatia shaka kwenye picha za miguu yake. O'Brien, mkufunzi wake, alipinga hadharani akisema farasi hana tatizo. Mwezi Juni 2025 farasi huyo huyo alishinda Coronation Cup kule Epsom. Wakosoaji waliuona ushindi huo kuwa ushahidi dhidi ya madaktari. Haukuwa ushahidi wa upande wowote: mfupa wenye hatari iliyozidi kidogo ya kawaida mara nyingi hauvunjiki, na aliyepumzishwa miezi kadhaa hakimbii na mfupa ule ule uliopigwa picha. Ugumu wa kanuni za aina hii ni kwamba zikifanya kazi, hakuna kinachoonekana.

Baada ya mbio, farasi huanza safari ya kurudi kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Umoja wa Ulaya humruhusu farasi aliyetoka kwa muda arejee kwa masharti mepesi ikiwa hajakaa nje zaidi ya siku 30, au siku 90 kwa mbio maalumu zilizotajwa, zikiwemo za Australia, na ikiwa wakati wote huo hakuchanganyika na farasi wenye hali ya afya ya chini kuliko yake. Muda ukipita, huhesabiwa kuwa mnyama anayeingizwa upya na vipimo vyote hurudiwa. Lakini wengi hawarudi kabisa. Hununuliwa Melbourne na wenye farasi wa Australia wanaotafuta wakimbiaji wa masafa marefu, na siku mkataba unapotiwa saini, cheti cha kuingia kwa muda hubadilishwa kuwa cha kudumu, namba ya chipu huandikwa kwenye daftari la nchi mpya, na kuanzia hapo ni yeye ambaye kanuni za karantini zinamlinda dhidi ya wageni wa mwaka unaofuata.